Mfunguo Tano Haukukungoja, Inna Delu

Mwaka umetimia leo, Inna, mama yetu. Siku kama hii, nane ya Mfunguo Nne, mwezi wa Muharram, uliuacha upawa wa bajia juu ya mfuniko ukasema unakwenda kunyoosha mgongo kidogo kabla ya alasiri. Kidogo gani hicho, Inna? Mpaka leo tukipita mbele ya chumba chako tunanyata, kana kwamba tutakuamsha.

Wateja wako wa hapa Birni bado wanapita alfajiri. Wanasimama kwenye mafiga yako, wanatazama jivu, halafu wanakwenda kwa yule mama wa karibu na msikiti. Wanasema bajia zake ni ngumu kama kokoto. Tunawaambia acheni umbea, mwacheni mama wa watu atafute riziki yake. Lakini moyoni tunafurahi, Mungu atusamehe.

Ulikuwa na mdomo wewe! Mtu akiomba bajia ya kuonja unamwambia, “Onja kwa macho.” Halafu unamtilia mbili chini ya zile alizonunua, kimyakimya, azikute akifika nyumbani, asipate hata nafasi ya kukushukuru.

Ulizaa watano, wakabaki watatu. Sabiu, fundi wa ngozi na mwadhini wa msikiti wa mtaa, mtu ambaye akikosa sunna moja siku hiyo chakula hakimpiti. Laraba, aliyerithi mdomo wako. Na Gambo, fundi cherehani wa kule Tasawa, uliyemzaa baada ya mapacha. Mapacha walipokufa ulimfunga Gambo mgongoni miaka na miaka, mpaka miguu yake ikawa inaburuza chini. Watu walipokucheka ukawajibu, “Huyu simshushi. Wenzake niliwashusha.”

Leo tunasema habari za Sabiu. Mwenyewe ameomba zisemwe zote, asifunikwe.

Utakumbuka Mfunguo Mosi wa mwaka ule, Ramadhani imekwisha juzi tu, Gambo alikuja na wakwe zake kuomba akuchukue, ukakae Tasawa mpaka mkewe ajifungue. Sabiu alikataa mbele za watu.

“Inna hapandi basi kwenda kulala kibandani,” alisema.

“Kibandani?” Gambo alisimama. “Kaka, nyumba yangu ndiyo unayoiita kibanda, mbele ya wakwe zangu?”

“Nyumba haivuji. Yako inavuja,” Sabiu alimjibu.

“Sawa. Na wewe sauti ya adhana unayo, huruma huna. Unawaita watu waje msikitini, mdogo wako unamfukuza mlangoni.”

Wewe ukataka kuwapoza. “Jamani, mnagombania bibi kizee au mbuzi?” Hakuna aliyecheka. Gambo aliondoka na wakwe zake bila hata kuonja fura ya mtama na maziwa uliyowakorogea, na tangu siku hiyo wanao hao wawili hawakusemeshana.

Halafu ikaingia miezi mitukufu. Katika miezi kumi na miwili Mungu aliitukuza minne: Rajabu ulio peke yake, na hii mitatu inayofuatana, Mfunguo Pili, Mfunguo Tatu na Mfunguo Nne. Sabiu aliiogopa tangu akiwa mtoto wa chuoni. Alifundishwa kwamba ndani yake jema huwa zito na ovu huwa zito, basi yeye alitembea ndani ya miezi hiyo kama mtu aliyebeba mtungi wa maji kichwani. Hata sindano ya ngozi ikimtoboa kidole hakutoa neno baya.

Mfunguo Pili ulipoandama ulimwita. “Nenda kwa mdogo wako.”

“Inna, huu ni mwezi wa heshima. Nikimwona nitamtukana, na tusi la mwezi huu si sawa na tusi la mwezi mwingine. Acha hii mitatu ipite. Mfunguo Tano ukiandama tu, nakwenda.”

“Yaani tusi lake unamwekea akiba mpaka Mfunguo Tano?”

“Inna!”

“Nauliza tu.”

Hakuona kosa, Inna, na hilo ndilo linalomla mpaka leo. Alijiona anaitunza miezi ya Mungu. Kila jua lilipozama hajamtamka Gambo kwa ubaya alishukuru, akalala usingizi mtamu.

Mfunguo Tatu mtoto akazaliwa Tasawa. Gambo akamwita Delu, jina lako. Laraba akataka kukupeleka ukamwone, ukakataa.

“Nikiingia nyumba ya mmoja na mwingine kanuna, nitakuwa nimechagua mtoto. Mimi sichagui. Watanipeleka wote wawili.” Kisha ukamvuta mkono. “Hebu niambie wewe uliyemwona. Ana masikio yangu?”

“Anayo, Inna. Makubwa hivi.”

“Maskini,” ukasema, ukacheka mpaka machozi yakakutoka. Laraba mpaka leo hajui kama yalikuwa ya kicheko.

Siku ya Idi ukakitundika kichwa cha kondoo juu ya moshi wa jiko, kama nyumba zote, kikauke, kingoje usiku wa kumi wa Mfunguo Nne, usiku ambao mtu hula mpaka ashibe ili mwaka usimwone na njaa. Ulituambia kichwa kile kitavunjwa na Sabiu na Gambo, kila mmoja ashike taya lake, la sivyo hakiteremki. Mfunguo Nne ulipoandama ukamwambia tena Sabiu. Naye akakujibu tena kwamba miezi miwili imeshapita, huu ni wa tatu, vumilia. Ngoja ngoja huumiza matumbo, Inna. Ulivumilia siku nane.

Ulipokwisha kukata roho Sabiu alikuwa mlangoni pa chumba chako, simu mkononi. Aliitafuta namba ya Gambo akaipata. Kidole kikabaki hewani. Miezi mitatu hajasema naye, sasa aanze na neno gani? Akajiambia, Laraba ameshampigia. Laraba alikuwa ndani anachemsha maji ya kukuosha, naye akajiambia, kaka mkubwa yupo, ameshampigia. Ukaoshwa, ukasaliwa, ukazikwa kabla ya magharibi, na mwanao wa mgongoni yuko Tasawa anashona kanzu.

Habari aliipata kwa mteja. Mtu aliingia dukani usiku ule ule akamwambia, “Gambo, pole kwa msiba.” Gambo akamuuliza, “Msiba gani?”

Asubuhi alifika na mkewe na mtoto. Hakumsalimu mtu. Alimchukua Delu mdogo akamlaza kwenye mkeka wako, pale penye alama ya mgongo wako, akamwacha pale kwa muda, mtoto anarusha miguu. Kisha akamwinua.

“Mmenizikia mama yangu kama maiti ya mpita njia,” alisema.

Sabiu alitaka kuongea. Gambo alikuwa ameshafika barabarani. Usiku wa kumi kichwa cha kondoo hakikupikwa. Laraba alikishusha, akakifukia nyuma ya jiko.

Siku ya tatu ya matanga Sabiu alimfuata Malam Zubairu, imamu wetu, kwenye mkeka wa wanaume.

“Malam, nimekosea wapi? Mimi niliiogopa miezi mitukufu.”

“Uliiogopa, hukuielewa,” Malam alimjibu. “Waarabu wa kale walikuwa wakiuana mwaka mzima. Miezi hii ikiingia, mikuki chini. Unajua kwa nini? Ili njia ifunguke. Mtu apite mlangoni kwa adui yake, aende Makka arudi, asiguswe. Wewe Mungu amekufungulia njia miezi mitatu mfululizo, ukaikalia kitako.”

“Niliuogopa ulimi wangu.”

“Si ungeufunga ukaenda kimya? Nani alikulazimisha kuongea? Ungeketi kwake, ukanywa maji yake, ukaondoka. Mungu amesema ndani ya miezi hii tusizidhulumu nafsi zetu. Ulikimbia dhambi ya tusi, ukaiingia ya kukata udugu. Sasa hapo nani umemdhulumu?”

Sabiu alilia mbele ya watu, Inna, mtu mzima yule, kilemba kimemwangukia shingoni. Wanaume wakatazama pembeni.

Tangu hapo hana raha. Adhana aliisimamisha mwenyewe. Alikuwa akifika “njooni kwenye kufaulu” anasikia lile neno la Gambo, unawaita watu, mdogo wako unamfukuza. Mara mbili aliikatiza katikati, mtaa mzima ukasikia. Akamkabidhi mwenzake, akasema anaumwa kifua. Chakula anakigusagusa. Viatu anavyoshona siku hizi, kimoja kirefu kimoja kifupi, wateja wanamwonea haya kumwambia.

Mfunguo Tano ulipoandama alikwenda Tasawa, siku ile ile ya mwanzo, kama alivyokuahidi. Gambo alimpa maji kwa heshima ya Malam aliyefuatana naye, akamjibu salamu, basi. Rajabu, huo mtukufu wa peke yake, Sabiu alifunga siku zake zote, akaenda tena bila mtu. Alikuta duka limefungwa, na sauti ya cherehani inasikika ndani. Alikaa mpaka jua likazama, akafuturu maji barazani, akarudi.

Mfunguo Pili wa mwaka huu alikuta mlango uko wazi. Alijua atakachosema, alikifanyia mazoezi njia nzima. Gambo hakunyanyua mguu kwenye cherehani.

“Kaka,” alisema, taratibu kabisa, “huu ni mwezi wa heshima. Nikikaa na wewe nitakutukana. Ngoja Mfunguo Tano.”

Maneno yale yale, Inna. Nani alimfikishia, hatujui. Labda wewe mwenyewe ulimwambia kwenye simu, ukimtetea kaka yake. Sabiu alisema, “Sawa, mdogo wangu,” akatoka. Alipofika nyumbani alimwambia Laraba, “Sasa najua Inna alisikia nini nilipokuwa nikimjibu.” Usiku ule alisali mpaka miguu ikavimba.

Wala Mfunguo Tano hautatusaidia. Mwezi huu ulipoandama mke wa Gambo, ambaye Mungu ambariki hajawahi kutukatia simu, alimwambia Laraba kwamba wanahama. Wanakwenda Abidjan, Gambo amepata kibarua huko kwa mshonaji mkubwa. Wateja wamekwisha kuambiwa wachukue nguo zao. Wanaondoka siku ya kumi na moja.

“Abidjan!” Laraba alipiga kelele. “Kwani Tasawa haitoshi kwa kutukimbia?”

“Wifi, mimi nifanyeje? Nikimtaja kaka yake anatoka nje.”

“Na redio? Angalau matangazo ya huku kwetu anayasikia?”

Hapo wifi akasema jambo ambalo limetukata maini. Tangu ulipozikwa, kila siku baada ya alasiri Gambo husimamisha cherehani, huwasha redio, husikiliza matangazo ya vifo na kumbukumbu mpaka la mwisho. Hakosi hata siku moja. Mteja akiongea humwekea kidole mdomoni. Siku betri zilipokwisha alikimbia kwa jirani. Anaogopa kufiwa tena asiambiwe.

Sisi ndio tuliomtia hofu hiyo. Laraba aliposimulia, Sabiu alijifunika uso kwa kilemba chake, akakaa hivyo, halafu akasema, “Basi tumwandikie Inna.”

Ndiyo maana tunakuandikia, na ndiyo maana tunasomewa redioni. Mtangazaji amelalamika kwamba tangazo ni refu mno. Laraba amemwambia marehemu naye alikuwa haishi maneno, asome.

Tumekusomea hitima, Inna. Alfajiri ya leo Laraba aliwasha moto kwenye mafiga yako, akakaanga bajia za kunde za kutoa sadaka, akawatilia watu mbilimbili chini. Zimetoka ngumu kidogo, usicheke. Mungu akulaze pema, aipanue nafasi yako, na kwa heshima ya mwezi wake huu ambao tuliujua jina tusijue kazi yake, akufikishie thawabu za kila mtu uliyemshibisha. Nasi atusamehe. Wewe hatujui kama umetusamehe, na hakuna wa kumuuliza, hilo ndilo gumu kuliko yote.

Hatusemi na Gambo, Inna. Tunasema na wewe. Yeye kama anasikia, anasikia.

Wanaokukumbuka: binti yako Laraba na mumewe Nomau, na watoto wao, wakwe zako wote, wa hapa na wa Tasawa, Malam Zubairu na majirani wa Birni, mjukuu wako Delu, ambaye tumeambiwa sasa anatembea, na masikio ni yale yale, mwanao Gambo, ambaye jina lake tumeliandika bila kumwomba ruhusa, na mwanao Sabiu, aliyeondoka hapa alfajiri na mapema. Saa hii amekaa chini, nje ya duka la mdogo wake. Hajabisha hodi. Ameogopa asifukuzwe kabla hatujamaliza kusomewa.

Hutatutoka moyoni maisha, Inna Delu. Tumemaliza. Gambo, fungua mlango.