Uzi wa Mguu wa Nasri

Jumapili, magharibi. Hapa Guangzhou mvua inanyesha tangu alfajiri, nguo nilizoanika chumbani hazikauki na sina hamu ya kula.

Leo nimemfanyia ukatili mtoto wa miaka sita. Ni wangu.

Nianze na uzi. Kwetu mtu akitaka kiatu kutoka mbali hatumi namba, maana namba za Kichina zinadanganya. Mama anamsimamisha mtoto, anapima wayo kwa uzi kuanzia kisigino hadi dole gumba, anaukata na kumpa msafiri. Uzi wa Nasri ulinifikia kabla ya mwaka mpya wa Wachina. Zuhura, mke wangu, aliufunga kwenye karatasi, akaandika jina la mtoto na neno "haraka".

Sikuharakisha. Nilingoja mzigo ujae. Sisi watu wa kontena ndivyo tulivyo, hata kiatu cha mtoto kinasubiri mabegi kutoka viwanda vya Shiling. Uzi ulikaa kwenye pochi yangu miezi minne, ndipo nikanunua viatu vyeusi vya ngozi. Nilivipima kwa uzi ule ule mbele ya muuzaji, vikakaa sawasawa. Meli nayo ikachukua muda wake. Nikajiona baba kamili.

Tangu vifike, kila Jumapili nikipiga simu ya video namtaka Nasri avivae nimwone. Huvaa. Husimama wima pale sebuleni kwetu Mbagala, hatembei. Nilidhani ni adabu.

Leo nilipiga nikiwa ofisi ya mizigo huku Sanyuanli, nasubiri mabegi yapimwe uzito. Saa kumi huku, kwao saa tano asubuhi. Niliweka sauti kubwa makusudi, wenzangu wasikie mwanangu anavyonipenda. Nasri akatokea na viatu vyake, akanitazama kama mgeni aliyekuja kumwulizia mama yake.

"Shikamoo, anko."

Ofisi nzima ilicheka. Mkenya mmoja ninayegawana naye kontena akanipiga begani. "Buda, huyo mtoi hakujui."

Anko ni kaka yake Zuhura. Ndiye anayempeleka shule, ndiye anayejua mtoto anaogopa nini. Mimi niliondoka Nasri hajatimiza miaka miwili, nikarudi mara moja kwa wiki tatu, na nusu yake nilishinda bandarini. Mtoto amesema anachokijua. Ningecheka na mimi, yangeisha.

Sikucheka. Nilimwambia kwa sauti ya kumkomesha, "Kama mimi ni anko, vua viatu vyangu. Mama yako ampe mtoto wa jirani."

Zuhura alitaja jina langu mara moja tu. Nikarudia, avue sasa hivi nione. Naandika hapa kwa sababu sina wa kumwambia: nilitaka alie. Nilitaka aniite baba huku akiomba.

Nasri akakaa sakafuni. Akavua kimoja polepole, kisha cha pili. Vidole vilitoka vimejikunja, viwili vina malengelenge, na kisigino kimechubuka. Akavisogeza viatu mbele ya simu, vyote viwili, vizuri. Uso wake ukalegea.

"Asante," akasema, akakimbia nje pekupeku.

Miaka minne namtumia vitu, na asante yake nimeisikia mara nyingi, mama yake akimkumbusha pembeni. Ya leo hakukumbushwa.

Zuhura alibaki kwenye simu. Alinieleza bila kugomba kwamba vilimbana tangu siku ya kwanza, mguu ulishakua. Alimwomba mtoto avumilie zile dakika za simu tu, nisivunjike moyo. Nilikata bila kuaga, maana zamu yangu kwenye mizani ilikuwa imefika, na nilishukuru kuwa imefika.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi nimelea uzi. Ninao hapa mezani, nimeunyoosha kando ya daftari, na nimeona aibu jinsi ulivyo mfupi.

Jioni hii nilishika simu nimwandikie Zuhura ampime upya. Nikaiweka. Nitakwenda mwenyewe mzigo huu ukitoka, nimpime kwa mkono wangu, kama atanipa mguu.

Lakini kabla ya hapo kuna Jumapili ijayo. Simu itaita, ataambiwa ni mimi. Je, atakunja vidole hata akiwa pekupeku?