Ngazi ya Mbele

Buffalo, Jumapili

Dada Adolphine,

Uko salama huko Louisville? Nilikuahidi habari za hii nyumba ya zamani tunayopanga. Ina mnara pembeni, mbao za baraza zimechongwa kama lesi, na ngazi mbili: pana ya mbele, ya matajiri walioijenga, na nyembamba ya nyuma, walikopita maboyi, watumishi wao, na sahani.

Mama alichagua chumba kilicho karibu na ngazi ya nyuma, inayoshukia jikoni kwenye mlango wa pili, na tangu tuhamie hajawahi kushuka kwa nyingine. Hatukumuuliza sababu. Nyumba yetu ya Mwenga ilikuwa na mlango mmoja, na siku ya vita askari waliuziba, Papa hakutoka.

Bon, leo tulimngoja jikoni kama kawaida, twende kanisani. Akashuka ngazi ya mbele, polepole, amevaa liputa mpya ya kitenge.

"Munaningojea jikoni," akasema, "mimi ni boyi?"

Mdogo wako, aliyepumua leo,
Aganze