Kudra Haikulitupa Jani

Moshi Mjini,
Juni 1949

Kaka yangu Mikidadi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Tanga, na kwamba kile kikohozi chako kimekuacha. Mama hajambo, isipokuwa miguu yake ya siku zote. Baba naye hajambo, cherehani inanguruma kuliko treni yenu, ila mimi na yeye hatusemezani. Nakuandikia kutoka kwa shangazi Adija, na sababu utaiona. Kaa chini kwanza.

Najua Baba amekwisha kukuarifu kwamba Wenseslaus wa Kilema amefariki, na kwamba ndivyo ilivyoandikwa. Hapa mjini kila anayekuja kunipa pole ananiambia kudra, kudra, mpaka neno lenyewe limenichosha. Nataka ujue ilivyokuwa, kisha useme mwenyewe.

Ulijua kuwa tulipendana. Hata ulinitania kwamba nitaishia kulima migomba nimevaa buibui. Baba alipopata habari aliwaka, kwamba kijana Mkatoliki anazungumza na binti yake bila kupitia wazee. Wenseslaus alikiri kuwa amekosa. Basi siku moja ya mvua kubwa akashuka na jani la isale mkononi, lile refu la mimea wanayopanda mipakani mwa vihamba, mashamba yao ya migomba. Kwao, mwenye kosa akikuletea isale ameomba radhi, na huwezi kumkatalia hata kama amekuulia ndugu. Mama yake, Mektrida, alimwambia aende bila hofu, maana hakuna mtu anayekataa isale.

Labda huko mlimani. Baba aliona Mchaga kasimama mlangoni ananyoosha jani, kichwa chini, akadhani ni uchawi wa kunichukua. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilianza kusema maana ya lile jani, Mama akaniziba mdomo. Baba akalitupa kwenye makaa ya pasi, akamfukuza Wenseslaus kwa ufito wa kupimia kitambaa, na watu wa mtaa wanatazama.

Kwa mtu wa Kilema hiyo ni aibu kubwa mno. Hakutaka kurudi kwa barabara akutane na wanaomjua. Akashika njia ya mkato, akavuka mto uliofurika, maji yakamchukua. Alizikwa misheni, nami sikuruhusiwa kwenda. Nimelia, kaka, mpaka sauti imenikauka, na bado nampenda.

Mvua ni ya Mungu, sikatai. Mto ni wa Mungu. Lakini jani nani alilitupa? Nilipomwuliza Baba hivyo, alinijibu nisishindane na yaliyoandikwa, na kwamba imeandikwa pia niolewe na Seleman, yule mfanyabiashara wa ngozi. Ajabu ni kwamba kila kinachoandikwa kinafanana na anachotaka Baba.

Sasa hili hujaambiwa. Ijumaa iliyopita nyumba ilijaa, pilau imeiva, mwalimu akaja chumbani na mashahidi kuniuliza kama nimeridhia. Unajua desturi yetu, mwari akinyamaza amekubali. Wote walingoja ninyamaze. Nikasema sikubali. Mwalimu alidhani nimechanganyikiwa, akauliza tena. Nikajibu kwa sauti iliyofika barazani kwamba sikubali, na kwamba kilichomwua Wenseslaus ni hasira za Baba. Seleman, kwa kweli muungwana, aliaga wageni akaondoka. Baba alinitoa nje na nguo nilizovaa, hina bado mbichi mikononi.

Atakuandikia kwamba nimepigana na kudra. Mjibu kwamba nimepigana na yeye, na sijamaliza. Siku atakayopanda Kilema kumtaka radhi Mektrida, nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Asipopanda, sirudi, hata aje kunichukua na polisi.

Shangazi anakusalimu sana, anauliza utaoa lini. Mpe wifi mtarajiwa salamu zangu, na umwambie ajifunze kusema hapana.

Ni mimi mdogo wako,
Mwamvita binti Zaidi