Kata Kitako cha Bunduki ya Baba

Kambi ya Wafanyakazi,
Nje ya Williston, North Dakota.
24 Machi 2014

Mpendwa dada yangu Verna,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye baridi. Bega lako linaendeleaje tangu uumie kule kiwanda cha kuku? Na mama, magoti bado yanamsumbua? Mimi mzima, ila mgongo umechoka. Siku kumi na tatu mfululizo tumevuta mabomba ya visima vya mafuta, na asubuhi vidole havikunjuki. Nivumilie mwandiko.

Kwanza naomba radhi. Uliponiomba ruhusa ya kukata kitako cha bunduki ya baba, nilikujibu vibaya nikakata simu. Baba alituachia sote wawili alipofariki, na ulinipa heshima kuniuliza. Ulisema kitako ni kirefu, kinakuumiza bega, na kisipofupishwa hutatoka msimu huu kuwinda bata mzinga. Nilikusikia vizuri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mwaka wa nne huu msimu unapita sipo, na nilitaka nikirudi Arkansas nikute kila kitu kama nilivyokiacha.

Nilimweleza mzee Ochs, tunayelala naye chumba kimoja, nikitegemea ataniunga mkono. Akaniuliza, “Hiyo bunduki inawinda, au iko kabatini inakula pensheni?” Nilikasirika, halafu nikacheka.

Hapo nikakumbuka siku baba alipoikata mtutu. Wewe ulikuwa bado unanyonya. Bunduki ilikuwa ya babu, ndefu, inakwama kwenye vichaka vya miiba, basi baba akaibana kwenye meza ya banda na kupunguza shubiri nzima kwa msumeno wa chuma. Babu akaja mbio: “We Orval! Umeikata pua bunduki ya watu!”

Baba hakujua kwamba mwishoni mwa mtutu ndipo palipobanwa, ili marisau, zile risasi ndogo ndogo, yatoke yamekusanyika. Yeye alipakata akapatupa. Wiki ile bata mzinga dume alisimama hatua arobaini mbele yake. Akafyatua, marisau yakatawanyika kama mahindi unayowamwagia kuku. Yule ndege akajikung'uta akaenda zake. Babu akamwambia, “Sasa mkimbilie ukamkamate kwa mikono.”

Tangu hapo ilimbidi awaite ndege wasogee mpaka hatua kumi na tano. Unakumbuka tulivyokaa naye chini ya mwaloni, haturuhusiwi hata kupepesa, yeye akikwaruza taratibu kile kiboksi chake cha kuigiza mlio wa bata mzinga jike hadi tuone ndevu za ndege kifuani? Huku hakuna sauti kama ile. Ni mitambo tu.

Kwa hiyo kata, Verna. Weka kitako ndani ya kiwiko, kidole kikifika kwenye kifyatulio hapo ndipo kipimo chako. Zungushia utepe wa karatasi wenye gundi kabla ya msumeno, mbao isipasuke, kisha funga mpira mnene nyuma kwa ajili ya bega. Mdomo wa mtutu usiuguse mwenyewe; mpelekee fundi bunduki atie kibano kipya. Chuma kinachong'aa kipake rangi ya kijani iliyofifia, maana wale ndege wana macho kuliko mapolisi. Halafu chora kichwa na shingo ya ndege kwenye boksi, ujaribu kulipiga ukiwa umekaa chini, kwa hatua thelathini, kabla msimu haujafunguliwa.

Usinisubiri. Sijui nitarudi lini, na siwezi kukudanganya.

Nisalimie mama, shemeji Royce na shangazi Oma. Mungu akulinde huko msituni na akuponye bega.

Kipande cha mbao utakachokikata usikitupe jikoni. Kifunge kwenye bahasha unitumie. Ndicho kilichokuwa kinakaa begani kwa baba.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata ninapokukatia simu,
Hollis