Baba Alipanda Ngomeni kwa Miguu Yake

Jumamosi. Mvua ya asubuhi ilishuka kutoka milimani ikakatika kabla ya saa nne, na sasa jua linachoma na barabara ya Kalundu imejaa matope. Hasira yangu haijakatika. Nimeketi mezani kuandika na viatu vyangu bado vina tope, jambo ambalo nyumbani humu simvumilii mtu yeyote.

Leo nimepanda ngomeni pamoja na mdogo wangu Etiene. Ngome hiyo ilijengwa na Wabelgiji juu ya kilima ili waione bandari na ziwa lote mpaka ng'ambo ya Burundi. Baada ya uhuru ilikaliwa na jeshi letu, kisha na wapiganaji wa uasi, kisha na jeshi tena. Siku hizi ni bustani ya umma. Wamepanda maua, wameweka viti vya saruji, na mizinga miwili ya zamani imepakwa rangi nyeusi. Nimemkuta bibi harusi amekalia mmoja akipigwa picha, gauni amelikunja mpaka magotini kwa kuogopa matope. Sikuchukizwa. Afadhali bibi harusi kuliko mwanajeshi.

Hatukwenda kutembea. Ofisi ya bustani inatayarisha jiwe la kumbukumbu la watu waliouawa ndani ya ngome wakati wa uasi, na baba yetu ni mmoja wao. Sharti ni hili: familia itie sahihi kwamba mtu wao alikuwa raia aliyeingizwa mle kwa nguvu. Etiene amelitaka jiwe hilo kuliko kitu chochote. Baba alipokufa, yeye alikuwa bado tumboni mwa Mama. Kaburi hakuna, askari waliwafukia watu wote pamoja nyuma ya ukuta, mahali palipo na maua leo. Etiene anaumwa presha, na ameniambia mara nyingi kwamba anataka kuliona jina la baba yake na kuligusa kwa mkono kabla hajafa.

Nilikuwa nimekubali kutia sahihi.

Niseme wazi: nilikuwa nimekubali kutia sahihi chini ya uongo.

Kwetu tumesema siku zote kwamba Baba alikamatwa njiani akalazimishwa kuwapikia waasi. Mama ndiye aliyeyatunga maneno hayo, wiki ile jeshi liliporudi na askari wakawa wanapita nyumba kwa nyumba kutafuta wake za waasi. Alinifundisha, nami nikayasema mbele ya bunduki bila kukwama. Nilikuwa na miaka tisa. Maneno hayo yalituokoa, na sitamlaumu marehemu mama yangu. Lakini mimi nimefundisha watoto miaka thelathini na minane, nimewaadhibu kwa uongo mdogo wa kalamu iliyopotea, na nimestaafu nikiwa bado ninausema wangu.

Msimamizi wa bustani ni Furaha, mwanafunzi wangu wa zamani wa darasa la tano. Alitupokea kwa heshima, akatuzungusha. Tukapita chumba cha zamu, tukapita mahabusu, tukafika jikoni. Ukutani wamechora picha ya wanawake watatu wakizunguka sufuria, mmoja ana mtoto mgongoni, na chini pameandikwa kwamba ni akina mama wakiwapikia waasi.

Nikamwambia Furaha kwamba mle ndani hakuna mwanamke aliyewahi kupika.

Akacheka. "Mwalimu, hata leo uko unasahihisha?"

Nikamweleza. Wapiganaji wale walikuwa wameoshwa kwa dawa ya kuwakinga na risasi, na dawa ilikuwa na miiko yake. Mwanamke asiwaguse, wala asiguse chakula chao. Siku Mama aliponituma kupeleka chumvi iliyofungwa, mpiganaji mmoja alinisimamisha mbali na mlango, kwa kuwa nami ni wa kike. Nikaiweka chumvi chini, nikarudi nyuma hatua kumi, ndipo Baba akatoka kuiokota. Hatukushikana mikono. Aliniinamishia kichwa kidogo, kama mtu anavyomwinamishia mkubwa wake, nami nikateremka mlima nikijiona mkubwa kweli.

Furaha hakucheka tena. Akauliza nani, basi, alikuwa akipika.

Nikamjibu kwamba ni baba yetu. Etiene akadakia upesi kwamba walimkamata, aandike hivyo, walimkamata.

Nilitazama ile picha. Nilikuwa nimetoka kumsahihisha mtu mbele ya ukuta kwa ajili ya sufuria iliyochorwa, na kalamu ya kutia sahihi ilikuwa inanisubiri.

"Hawakumkamata," nikasema. "Alikwenda mwenyewe."

"Yaya, dada yangu, nyamaza," Etiene akasema polepole. "Minye mdogo wako ninakuomba, nyamaza."

Sikunyamaza. Baba alikuwa mpishi wa Mbelgiji mmoja wa serikali miaka kumi na mmoja, na hata alipoota mvi alikuwa akiitwa boyi, kama mtoto mdogo. Uhuru ukaja. Mbelgiji akaondoka, akaingia mkubwa wetu wenyewe katika nyumba ileile, na yeye pia akamwita boyi. Wapiganaji walipoiteka ngome, wakatangaza mjini kwamba wanatafuta mwanamume anayejua kupikia watu wengi. Baba alijitwika sufuria yake kichwani, mchana kweupe, akapita mbele ya majirani wote. Mama alikuwa amemshika shati. Nilimsikia akimjibu, "Wale wa kule juu wameniita papa," yaani baba, mtu wa heshima.

Mabaya yalitendwa ngomeni na watu aliowapikia. Siyafichi. Mahabusu iko hatua ishirini kutoka jikoni, nimezihesabu leo. Sijui aliona nini wala alisikia nini. Najua kwamba alibaki, na kwamba jeshi liliporudi alikutwa jikoni, hana silaha, akapigwa risasi bila kuulizwa hata jina.

Furaha alifunga daftari lake taratibu. Akanieleza kwamba kwa maneno hayo kamati haitakubali, jiwe ni la wahanga. Kisha akasogea karibu, akanipa kalamu, akashusha sauti. "Mwalimu, minye sikusikia kitu. Tia tu sahihi, mambo iishe."

Alikuwa ananihurumia, nami nilitambua huruma yake. Nikamwambia aandike hivi: mpishi, alikuja kwa hiari yake, aliuawa hapa bila kuhukumiwa. Au asiandike kitu. Akajibu kwamba basi hataandika kitu. Nikamrudishia kalamu.

Etiene alitangulia kuteremka bila kunisubiri. Nilimfikia chini, karibu na wachukuzi wa bandarini waliokuwa wakipakia magunia, naye akasema bila kugeuka: "Weye ulikuwa na baba. Minye nilikuwa na lile jiwe tu."

Nikarudi nyumbani peke yangu.

Nimejiuliza mchana kutwa kama nilikuwa na haki ya kumnyang'anya. Sijutii. Jiwe lile lingempa Etiene mtu aliyeburutwa akilia, mtu ambaye mimi sikumjua kamwe. Tumeitwa watoto wa mwasi, kisha tukajifanya watoto wa mateka, na mara zote mbili wengine ndio walituchagulia jina. Mimi ni mtoto wa mpishi aliyechoka kuitwa boyi. Mwenye kuona aibu na aone mwenyewe.

Nimeacha kuandika kwa saa moja. Etiene amekuja.

Hakunisalimia. Aliketi sebuleni, kofia mkononi, akatazama sakafu. Tangu azaliwe hajawahi kuniuliza swali lolote kuhusu Baba. Mtu aliyekamatwa njiani hauliziwi mengi, habari zake zinaishia palepale alipokamatwa. Leo ameuliza moja.

"Alijua kama minye niko njiani?"

Ningeweza kumwambia hapana. Mama ameshakufa, hakuna wa kunikosoa.

"Alijua," nikamwambia. "Mama alikuwa amemwambia."

"Alijua na alienda."

"Alijua na alikwenda."

Nilidhani atainuka atoke, na nisingemzuia. Kisha akavua viatu, akaviweka karibu na mlango, akauliza kama kuna bugali. Yuko sebuleni wakati ninapoandika maneno haya. Hajanisamehe, na sitamwomba anisamehe kabla ya kula.

Baba yetu aliitwa Petro Kashindi. Alikuwa mpishi. Alipanda ngomeni kwa miguu yake na aliuawa pale bila kuhukumiwa. Jumatatu nitaipelekea kamati maneno haya kwa mwandiko wangu, na sahihi yangu chini. Wakiyakataa, wayakatae kwa maandishi.