Mukono wa Mama Usifunikwe Tena

Furaha mudogo wangu,

Hapa Bukavu mvua iko inanyesha tangu asubuhi, kisiwa cha Idjwi kwetu siioni kabisa.

Leo masera, mutawa anayetufundisha masaji ya kukanda wagonjwa, alinipa mugonjwa wangu wa kwanza, muzee wa Luvungi aliyepooza upande mumoja. Nilipasha mafuta mikononi, nikaanza na mukono muzima, vile tulifundishwa.

«Maman, huo mukono unasikia,» muzee akaniambia. «Anza na huu. Watu wote wanauogopa.»

Nikaukanda mpaka ukapata moto. Hakusikia kitu, lakini hakuondoa macho pale, machozi inamutoka.

Furaha, ule mukono wa mama uliokufa, tunaufunikaka na kitenge wageni wakifika. Ufunue. Upake siagi, uukande mbele yao. Umwambie mama: nikirudi, ni huo nitashika kwanza kumusalimia.

Mubaki na Mungu.

Dada yako, Nabintu