Siku Babu Alipomvulia Punda Kofia

Barabara ya Larue,
Bonde la Yakima, Washington.
Jumapili, 12 Oktoba 2003.

Mpendwa Shangazi Eufrosina,

Shikamoo, Shangazi. Naomba barua hii ikukute umekaa vizuri, na lile goti lililokusumbua wakati wa mvua liwe limetulia. Miparachichi imebeba mwaka huu? Na yule jogoo wako mkali, bado anawafukuza wageni mpaka barabarani?

Huku tunaendelea. Mama hajambo. Mdogo wangu Ulises ameota meno mapya ya mbele na anayaonyesha watu kama vile ameyanunua. Mimi nimeingia darasa la tisa na ninapenda sana somo la sayansi. Habari za Baba nimeziacha mwisho kwa makusudi, maana ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Nimeona niandike badala ya kupiga simu. Simu ya kijijini iko dukani kwa Don Nazario, na nakumbuka jinsi watu wanavyoacha kununua chumvi ili wasikilize. Huku nako simu ni moja, na Baba ndiye huipokea. Barua hii anakuletea dada yake Don Cuco, baba yangu wa ubatizo. Anaondoka wiki ijayo, na ameahidi kukupa mkononi.

Shangazi, Baba ana kisukari. Labda alikuambia. Pengine hakukuambia kwamba ana kidonda kwenye kidole cha mguu ambacho kimekataa kupona tangu tulipokuwa tunachuma cheri mwezi wa sita, na sasa tunachuma matufaha. Anavaa soksi mbili mguu mmoja ili Mama asikione. Akishuka ngazini shambani, anasimama kidogo kwanza, anajifanya anatazama mawingu.

Mwaka huu padri, zahanati, shule yetu na mwenye shamba wameungana ili kuzuia magonjwa haya kwa familia zetu. Padri ametoa ukumbi, na kila Jumapili baada ya misa muuguzi anatoboa watu vidole na kupima sukari. Mwalimu wangu anafundisha mazoezi, na kina mama wanapika maharage bila mafuta ya nguruwe. Baba anasema maharage hayo yana ladha ya toba.

Mwenye shamba naye ametoa mchango wake, na hapo ndipo watu walipokasirika. Zamani kila Ijumaa alileta soda baridi shambani, kama shukrani. Sasa analeta pipa la maji yenye vipande vya limau. Alidhani amefanya wema, lakini watu walidhani wameadhibiwa. Don Cuco alisimama juu ya ngazi akapaza sauti, “Jamani, mwaka jana soda, mwaka huu maji, mwakani atatuletea hewa kwenye pipa na tumshukuru!” Watu walicheka, lakini siku hiyo maji hayakuguswa. Nilimweleza mwalimu wangu, akashangaa sana. Mimi niliwaelewa watu wa shambani na mwalimu pia, kwa hiyo sikujua niwe upande wa nani.

Anayekuja nyumbani kwetu ni Doña Licha, komadre wa Baba, maana ndiye mama wa ubatizo wa Ulises. Naye ni mchumaji kama Baba, ila ushirika huo wa padri na zahanati ulimfundisha kuzungukia nyumba na kuongea na wagonjwa. Mara ya kwanza alipokuja, Baba alikuwa mezani, akachukua sahani yake ya chapati za mahindi na kuikumbatia.

“Fidencio, sikuja kukunyang’anya tortilla,” Doña Licha alisema. “Nimekuja kuzihesabu tu.”

“Anza na za mume wako, komadre. Ukimaliza, mwaka utakuwa umeisha.”

Walicheka mpaka Mama akaweka kahawa. Tangu siku hiyo Baba ameacha soda, na tortilla amepunguza. Nilifurahi sana. Nilidhani tumeshinda.

Lakini Jumapili mbili zilizopita muuguzi alisema vidonge havitoshi tena. Baba anatakiwa aanze sindano za insulini, na asipoanza, anaweza kukatwa kidole, na baadaye mguu. Sikulala vizuri, Shangazi. Mtu wa ngazi bila mguu atafanya kazi gani?

Baba amekataa. Doña Licha alipomwuliza kwa nini, aliweka kikombe chini polepole.

“Mwacheni baba yangu apumzike, komadre. Naye aliugua sukari. Nilipokuja huku nilimwacha anaona. Walipomwanzishia sindano sikuwepo, niliambiwa kwa simu. Niliporudi kumtazama, alinipapasa uso ili ajue mimi ni nani. Sindano ndiyo iliyomla macho.”

“Fidencio, mama yangu anajichoma sindano kila siku na bado anatunga uzi kwenye sindano ya kushonea.”

“Basi mama yako ana bahati. Mimi nina macho mawili tu na nayahitaji.”

Doña Licha alimaliza kahawa yake akaaga.

Sasa kichwa changu kimevurugika. Muuguzi anasema sukari ndiyo inayoharibu macho, na sindano inayalinda. Baba anasema alichokiona, na Baba hasemi uongo. Mama anasema si hili wala lile, ugonjwa wa Baba ulitokana na mshtuko alioupata gari lilipoteleza kwenye barafu, na damu yake haijatulia tangu hapo. Don Cuco anasema anywe maji ya nopali, ule mmea wa miiba. Wote ni watu ninaowaamini. Ningejua mmoja wao ni mjinga, ingekuwa rahisi.

Halafu jana likatokea jambo dogo. Tulikuwa tunakula, na Ulises akamwomba Baba asimulie kisa cha punda. Unakijua. Kwetu kila mtu anakijua. Siku ya ubatizo wangu mlikuwa mnatoka kanisani, wewe umemshika Babu Anselmo mkono, Baba amenibeba mimi. Punda wa Don Nazario alikuwa amefungwa kwenye ukuta, ametupiwa shuka ya kijivu mgongoni. Babu akasimama, akavua kofia, akainama, akasema, “Habari za jioni, komadre Trini, mguu unaendeleaje?” Baba anaiga sauti ya Babu mpaka machozi yanamtoka. Kisha anasema, kama siku zote, “Baba yangu alikuwa mtu wa utani, hakuna mfano!”

Nilicheka na wenzangu. Halafu nikaacha kucheka, na kijiko kikabaki mkononi.

Shangazi, siku ya ubatizo wangu Baba alikuwa bado kijijini. Alikuja huku nilipokuwa najifunza kutembea. Na yeye mwenyewe anasema sindano ilianza baada ya yeye kuondoka. Kwa hiyo siku ya punda Babu alikuwa hajachomwa hata sindano moja.

Sijui kama nawaza sawasawa. Labda Babu alikuwa anatania kweli. Kila mtu anasema alipenda utani, na mimi simkumbuki isipokuwa mkono wake mkavu usoni mwangu. Sijamwambia Baba. Nitamwambiaje? Mtoto hawezi kumsahihisha baba yake mezani. Tena, kama nawaza sawasawa, nitakuwa nimemharibia kisa anachokipenda kuliko vyote. Kila akikisimulia baadaye atamwona mzee anayeanza kupofuka, na sisi tuliokuwa tunamcheka. Nilimtazama anavyocheka jana nikaogopa kukigusa.

Lakini kidole chake kimeanza kuwa cheusi pembeni. Nilikiona asubuhi alipokuwa anavaa viatu.

Wewe ndiye uliyemshika Babu mkono siku ile. Wewe ndiye uliyemuuguza mpaka mwisho. Baba hatanisikiliza mimi, wala muuguzi, lakini wewe ni dada yake mkubwa, na ulikuwepo alipokuwa hayupo. Siku ya Marehemu Wote atakupigia simu dukani, kama kila mwaka, na wiki itakayofuata muuguzi anarudi ukumbini na sindano. Tafadhali, siku hiyo mwambie kwa kinywa chako jinsi ilivyokuwa. Watu wa dukani wakisikia, na wasikie. Kama Babu alikuwa anatania, mwambie hivyo hivyo, nami nitanyamaza na kutafuta njia nyingine. Sitaki useme uongo ili kunisaidia. Nataka kujua tu.

Nisalimie binamu Rutilio na mkewe, umbusu mtoto wao mpya, na mwambie Don Nazario namkumbuka. Mama anakusalimu sana na anakutumia kitambaa alichokifuma. Ukipeleka maua kwenye kaburi la Babu, weka moja kwa ajili yangu. Mungu akupe nguvu na miaka, na akutunzie macho yako.

Siku hiyo nitakuwa nimesimama karibu na Baba, karibu kabisa na simu. Nitamwangalia uso. Shangazi, ulipokuwa umemshika mkono, Babu alipomvulia punda kofia, alikuwa anacheka?

Binti wa mdogo wako Fidencio, akupendaye na anayekungoja,
Noemí